Tuonyesheni hewa yake kwanza

Video imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, tangu Majengo mpaka Keshero: eti wanasayansi wamepata "dunia ya pili", iko umbali mzuri na jua lake, si moto si baridi. Chini yake watu wanaandika Amina. Mmoja ameuliza bei ya kiwanja.

Huyo wa kiwanja namwelewa, bei za hapa mnazijua. Lakini sisi watu wa Goma tudanganywe na umbali? Nendeni upande wa Bulengo. Mashamba mawili yanapakana, jua lao moja, mvua yao moja. Huku mbuzi anakula majani. Kule bondeni, ambako mazuku, yaani hewa ya ukaa inayoua, yametulia tangu usiku, mbuzi analala haamki. Hewa ya ukaa ni nzito, inatoka ardhini na kujaa shimoni bila rangi, na mtoto inamfika puani kabla ya baba yake. Mama wa kule hamtumi mtoto bondeni alfajiri. Ila tukiletewa sayari nzima, hakuna anayeuliza hewa.

Angalieni Zuhura. Ni ya mawe, ukubwa karibu sawa na Dunia. Hewa yake ni ukaa kwa asilimia 96, inakandamiza mara 90 hivi kuliko yetu, na joto linapita nyuzi 460. Utaridi iko karibu zaidi na jua, lakini Zuhura ndiyo inayowaka zaidi! Mirihi nayo ina ukaa asilimia 95, ila mwembamba mno, kwa hiyo baridi tupu. Gesi ni ile ile, kiasi ndicho kinachoamua. Hata sisi, bila gesi za kuzuia joto, wastani wa Dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu.

Nani anapanga kiasi hicho? Hapa nitawaudhi: ni milima kama Nyiragongo, huyo huyo aliyetukimbiza 2002 na 2021. Volkano inatoa ukaa, mvua inaushusha, unakula mawe, mito inaupeleka baharini, unakuwa chokaa, ardhi inaumeza, kisha volkano inaurudisha. Joto likizidi, mawe yanaliwa haraka zaidi na ukaa unapungua. Mzunguko huo unachukua mamilioni ya miaka. Sijasema mumshukuru, wengi hapa wamezika ndugu kwa sababu yake. Nasema sayari isiyo na mzunguko huo, au isiyo na maji ya kuuendesha, umbali wake mzuri ni wa bure.

Haya, umbali nao una kazi, maji yasigande wala yasichemke yote. Nimekubali. Na darubini ya James Webb naivulia kofia. Lakini ndiyo hiyo iliyopima TRAPPIST-1 b mwaka 2023, sayari ya mawe iliyo mbali nasi miaka-nuru 40 hivi, ikakuta upande wa mchana una nyuzi 230 hivi: dalili kwamba hewa karibu hakuna. Nyota ndogo nyekundu kama TRAPPIST-1, ambayo ndiyo jua lake, zina hasira, milipuko yake inaweza kuipeperusha hewa yote. Sayari dada yake, TRAPPIST-1 e, ndiyo iliyo kwenye umbali mzuri, na wenye darubini yao bado wanaitafutia hewa. Hawa wenye video na muziki wa huzuni wao wameipima na nini?