Skrini Inazima, Sauti Inaendelea

Wiki ya tatu sasa. Nilinunua kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayotoa picha kwenye skrini, pale Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, nikaichomeka mwenyewe, na tangu siku hiyo skrini inazima inavyotaka. Si stima: taa ya sebuleni inawaka, feni za kompyuta zinanguruma, na jana mkutanoni niliwasikia wenzangu wakiniita huku natazama giza. Sekunde tatu, picha inarudi. Au hairudi.

Nimebadilisha waya wa HDMI. Nimefuta draiva, zile programu zinazoendesha kadi, na kuziweka upya, mara mbili. Muuzaji ananiambia, "Boss, hiyo ni Windows tu." Windows gani inayozima nikifungua video, halafu inatulia nikiandika barua?

Usiku nikafungua kasha, nikamulika kwa simu. Chini ya vumbi, kibandiko cha pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme: wati 300. Boksi la kadi limeandikwa wazi kwamba inataka pawa saplai ya wati 550! Kadi ikivuta umeme mwingi ghafla, ndipo giza linaingia. Na muuzaji nilimwonyesha picha ya kompyuta yangu kabla sijalipa. Angeniuliza swali moja tu, jamani. Sasa natafuta pesa ya pawa saplai, na ripoti ya Ijumaa haijaisha.