Mota ya saa 500 na vakyumu ya miaka 50

Mwezi uliopita kamati ya kanisa letu hapa Uyole, Mbeya, ilikaa kujadili vakyumu, mashine ya kufyonza vumbi. Ukilisikia ni jambo dogo, lakini lilitugawa. Stoo tuna mashine mbili. Ya kwanza ni ile ya kusimama, yenye mfuko wa kitambaa uliotundikwa kwenye mpini, iliyoachwa na familia ya walimu Waingereza walipohama. Imesafisha zulia la kanisa tangu nikiwa kwaya ya watoto, na mwaka juzi ikaacha kuokota uchafu. Ya pili ni ya kuburuza, yenye bomba, tuliyonunua mpya baada ya hapo. Haikumaliza mwaka, mota ikaungua.

Mwenyekiti alitaka zote ziuzwe kwa wanunuzi wa skrepa, tununue nyingine mpya yenye wati nyingi zaidi. Mzee mmoja wa kanisa akapinga: vitu vya zamani ni chuma, havifi, itengenezwe. Mimi natunza hazina, na nilisimama na mzee. Bado nimesimama hapo. Ila hoja yake peke yake haitoshi, na ikifuatwa bila kukagua waya inaweza kuua mtu.

Nianze na ile mpya, maana ndiyo iliyowaudhi watu. Kila mtu alisema ni feki. Sidhani. Umoja wa Ulaya ulipoweka masharti ya vakyumu mwaka 2013, ulidai kwamba kuanzia Septemba 2017 mota iweze kufanya kazi angalau saa 500. Huko ndiko kwenye masharti makali, na saa 500 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika. Kwa nyumba inayopitisha mashine saa moja kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka tisa, na hakuna atakayelalamika. Kwetu kuna ibada, mazoezi ya kwaya, vipindi vya katikati ya wiki, harusi na misiba. Mama anayesafisha huwasha mashine kama saa moja na nusu karibu kila siku. Gawanya 500 kwa moja na nusu: siku 333. Mashine ya nyumbani tuliipa kazi ya hoteli, na ikafa pale hesabu ilipotaka ife. Tukinunua nyingine ya aina hiyo, hata ikiwa na wati 2,000, mwakani tutakuwa kwenye kikao hikihiki. Wati zinaonyesha umeme unaoliwa, hazionyeshi miaka.

Sasa hiyo ya zamani inadumu kwa nini? Chuma kinachangia kidogo tu. Sababu kubwa ni mwendo wa mota. Vakyumu nyingi za kuburuza za sasa huvuta kwa feni ndogo inayozunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo beringi huliwa haraka, na kaboni pia, yale mapande madogo yanayopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Mashine za kusimama za zamani zilikuwa na feni pana iliyozunguka taratibu zaidi, mota ya wati mia tatu hadi mia tano hivi, kwa sababu kazi kubwa haikuachiwa hewa. Kazi hufanywa na brashi ya duara iliyo chini, inayopiga zulia na kulichana huku hewa ikibeba tu kilichokwisha kung'oka. Ndiyo maana bibi harusi akimwagiwa vikaratasi vya kumetameta zulini, ya zamani huviondoa kwa kupita mara mbili, na ile ya bomba huhangaika.

Nilimpelekea fundi mmoja Mwanjelwa. Alitoa skrubu nne za chini, akainua bati, akanionyesha mkanda wa mpira unaozungusha brashi: umelegea na kung'aa kama kioo. Mota ilikuwa nzima na ilikuwa inazunguka. Brashi ndiyo ilikuwa imesimama, kwa hiyo mashine ilikuwa inanguruma bila kufanya kazi. Tumeiweka stoo mwaka mzima kwa ajili ya mkanda. Kisha akafungua mota. Kaboni mbili zilikuwa zimebaki fupi kama punje ya mahindi, na komuteta, ile sehemu ya shaba zinapogusa, imekuwa nyeusi. Kaboni za saizi ile hakuwa nazo, akachukua za grenda zilizo kubwa kidogo, akazisugua kwa msasa, kila mara akizijaribu kwenye tundu lake, hadi zikateleza bila kukwama. Shaba aliisafisha kwa msasa laini wa mbao. Wa chuma aliukataa, alisema chembe zake zinapitisha umeme na zikibaki kati ya vipande zinaleta shoti. Beringi ya mota ilikuwa 608, ile ya milimita 8 ndani na 22 nje, inayopatikana kwenye maduka mengi ya spea.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya kukarabati. Mashine ile inafunguka kwa bisibisi, na vitu vinavyochakaa ndani yake vina ndugu zake madukani. Ile mpya nayo tulimpa. Mwili wake umebanwa kwa meno ya plastiki, mawili yakavunjika wakati wa kufungua, na mota ni kopo lililofungwa moja kwa moja. Ilitakiwa mota nzima, na mota nzima ilikaribia bei ya mashine. Hata hivyo zipo mashine mpya zinazofunguka vizuri, na zipo za zamani zenye spea za umbo la peke yake. Umri si kipimo. Kipimo ni skrubu.

Na mkanda? Huo ndio ulitutesa. Fundi alikata ukanda kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ukafanya kazi Jumapili mbili. Tyubu inavutika, brashi inapunguza mwendo ikikutana na zulia zito, na akiibana sana inavuta beringi upande mmoja. Mkanda halisi uliagizwa Dar es Salaam, ukaja kwa basi. Mashine yetu ina mkanda unaosokotwa robo mzunguko kati ya mota na brashi, na ukiusokota upande usio wake, brashi inazunguka kinyumenyume na kumwaga uchafu mbele badala ya kuupeleka ndani. Mara ya kwanza tuliufunga hivyo. Ndani ya kifuniko kuna mshale, na fundi akauona kwa tochi ya simu.

Upande wa mwenyekiti nao una haki yake, na sitaki kuupitia juujuu. Kwanza, zile za zamani tunazozisifia ni zile zilizobaki. Zilizoharibika mapema zilitupwa miaka mingi iliyopita na hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo tunawahesabu walionusurika tu.

Pili ni vumbi. Mashine kama yetu hupitisha uchafu ndani ya feni kwanza, halafu ndiyo uingie mfukoni. Chembe ya kokoto inagonga feni, na kama feni ni ya plastiki inavunjika. Huku kwetu viatu huleta udongo wa majivu ya volkano, laini kama unga, na kiangazi kuanzia Juni upepo unaumwaga kila mahali. Mfuko wa kitambaa hauzuii unga wa namna hiyo. Unatoka tena hewani, na anayeuvuta ni aliyeshika mpini. Kichujio cha HEPA kwenye mashine mpya kinachofaa kweli hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Mwenye pumu nyumbani, hoja ya uimara haimhusu. Anunue mpya yenye kichujio hicho, na akibadilishe.

Tatu ni umeme, na hapa ndipo maneno ya mzee wetu yaliponitisha. Kichwa cha mashine ile ni chuma. Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye chuma na nyingine kwenye pini ya arthi ya plagi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Kimya: havikuwa vimeunganishwa. Mtu fulani, miaka iliyopita, alibadilisha plagi na kuukata waya wa kijani na njano kwa kuwa "hauna kazi". Waya wenyewe ulikuwa umepasuka pale unapoingia kwenye mpini, ukiukunja unaiona shaba. Na Mama hupitisha mashine zulini wakati sakafu ya pembeni bado ina maji ya kudekia. Kama mkanda usingelegea, tungeendelea kumpa mashine ile kila siku. Tulibadilisha waya wote, wa nyuzi tatu, na fyuzi ndani ya plagi ikawa ya ampea 3, maana ile ya 13 haikatiki mapema kwa mashine ndogo kama hii. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji arthi. Yetu haina alama hiyo.

Kwa wanaonunua mtumba, soma kibati kabla ya kuuliza bei. Ya Uingereza huandikwa volti 220 hadi 240, na hata plagi yake ni hizi zetu za pini tatu. Ya Marekani ni 120, na ukiichomeka kwenye 230 mota haichukui muda. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini kwa mashine ya ampea 7 unahitaji ya zaidi ya wati 840, na bei yake inaweza kuipita vakyumu yenyewe.

Matengenezo yote, waya na mkanda ndani yake, yalitugharimu shilingi 62,000. Mpya tuliyoulizia ilikuwa 320,000. Kwa matumizi yetu ya kila siku, kwenye zulia, nasema tulifanya sawa, kwa sharti kwamba mfuko unakung'utwa nje, barakoa inanunuliwa, na arthi inapimwa kila mwaka.

Nilipompelekea Mama barakoa alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaivaa palepale. Kisha akaniomba niinyanyue mashine ile. Nikainyanyua. Akaniambia nipande nayo ngazi tatu za madhabahu, nishuke, nipande tena. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu uzito, si mimi, si mwenyekiti, si mzee. Anataka ya zamani ibaki chini kwenye zulia kubwa, na juu apewe kitu chepesi, hata ufagio mzuri. Kikao ni Jumamosi, na safari hii tumemwita.