Karatasi inasema mi tajiri

Yani huku Marekani kuhama Buffalo, jimbo la New York, kwenda Columbus, jimbo la Ohio, mwezi wa nane kulikuwa rahisi kuliko kuieleza serikali kwamba nimehama. Kampuni ileile, kazi ileile ya ghalani, walichobadilisha ni tawi tu, nikafunga virago nikaaga theluji ya Buffalo nikaondoka zangu. Kodi ninayoijua mi ni ya nyumbani Tanzania, mwajiri anakata PAYE anapeleka TRA, we unachukua kilichobaki unaenda zako, nani akuulize tarehe uliyotoka Morogoro kwenda Dodoma na ulibeba shilingi ngapi?

Sasa mwisho wa Januari W-2 ikaingia, ile karatasi ya mwajiri inayosema mwaka mzima umelipwa ngapi na umekatwa ngapi. Boksi la 1 dola 48,000, sawa, hizo nazijua, mgongo wangu unazijua zaidi. Nashuka boksi la 16, mshahara wa jimbo, mstari wa New York 48,000. Mstari wa chini yake, Ohio, 20,000. Nikasoma tena jina juu, ni langu. Anwani yangu. Haya, hiyo 20,000 ya ziada nimeila wapi na nimeila na nani?

Nikapiga simu kwa watu wa mishahara, dada akaniambia kwa sauti tamuu kwamba ndivyo sistimu inavyotoa, nikamwuliza kama sistimu inaweza pia kunipa hizo hela zenyewe, akaniambia ananiweka kwenye laini nisubiri, nikasikiliza piano mpaka chai ikapoa.

Aliyenitoa gizani ni bibi mmoja anayejitolea kusaidia watu kodi pale maktaba. Akanambia baba, hapo hakuna kosa, New York ndo wanavyotaka, mwajiri aandike boksi la 16 mshahara wote wa mwaka kama ulivyo boksi la 1 hata kama mtu umehama katikati, afu kazi ya kuchambua zipi zao zipi siyo zao unaifanya mwenyewe kwenye fomu IT-203. Unatafuta slipu ya mshahara ya mwisho kabla hujahama, unaangalia jumla tangu Januari, hiyo ndo yao. Slipu yangu ikasema 28,000. Na kuipata hiyo slipu jamani, iko kwenye akaunti ya tawi la zamani na akaunti ya tawi la zamani wameshaifunga, na wa kuifungua ni yuleyule dada wa piano.

Ukidhani umemaliza ndo unaanza. Haya majimbo hayaanzi na kipande chako, yanaanza na wewe mzimamzima. New York wanapiga kodi kama vile umelala kwao Januari mpaka Desemba, afu ndo wanatafuta asilimia iliyo yao. Ohio nao wanapiga ya mwaka mzima, afu wanakupunguzia kwa ajili ya zile ulizochuma ukiwa hauko kwao. Ni wake wawili, kila mmoja anaandika bajeti ya mwezi mzima wakati zamu ni nusu kwa nusu, na we ndo uanze kuwakumbusha.

Bado Ohio wanataka uandike namba ya wilaya ya shule unayoishi, maana zipo wilaya za shule zinazokata mshahara wa mtu. Mi mwanangu anasoma Morogoro! Bado Columbus yenyewe, mji kama mji, asilimia 2.5 ya mshahara, na hiyo haihusiani na fomu ya jimbo, ina mambo yake. Buffalo walikuwa na theluji ila mji haukugusa mshahara wangu, hilo niwape haki yao. Programu ya kujazia fomu nayo, kodi ya serikali kuu wanakufanyia bure na vimaneno vya kukupongeza, ukisema jimbo, lipia, ukisema majimbo mawili, lipia tena, na ile namba ya rifandi, hela utakayorudishiwa, pale kwenye kona unaiangalia inapungua huku umekaa hujafanya kitu. Nina jamaa kahama Florida kwenda Texas mwaka huohuo, kodi ya mshahara ya jimbo hakuna kule wala huku, nikimsimulia anasema pole kaka huku anatafuna.

Ila hayo yote yana nafuu. Balaa ni kwamba ile W-2 niliiacha mezani na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunaishi naye. Shemeji kasoma biashara. Akajumlisha boksi la 1, la 3 la soshal sekyuriti, yale mafao ya uzeeni, la 5 la Medicare, bima ya afya ya wazee, na yote ya 16, akapata dola 212,000. Na hela zangu ni zilezile 48,000 zimeandikwa mara nne na kipande juu! Jioni mama mkwe kapiga simu, sauti imejaa heshima ambayo sijawahi kupewa tangu nilipe mahari: "Baba, tumesikia Mungu amekufungulia." Eti lile paa sasa tuache habari ya bati za kawaida, tuweke za msauzi, rangi ya maruni, fundi kashapima.

Nikamkalisha shemeji chini, kalamu mkononi, nikamwonyesha boksi kwa boksi, hii ni ileile, na hii ileile, hii ya Ohio imo ndani ya ile ya juu. Akanisikiliza vizuri kabisa, anaitikia kwa kichwa, nikajua leo kaelewa. Akakaa kimya kidogo, akanyoosha kidole pale kwenye ile mistari ya boksi la 16.

"Sasa shemeji, mwakani tukihamia jimbo lingine, si hapa panaongezeka mstari?"