Robota Halifunguliwi Kabla ya Kulipwa

Pale Gikomba, soko la mitumba jijini Nairobi, robota la nguo huuzwa likiwa limefungwa kwa mikanda. Mnunuzi haruhusiwi kulifungua akague. Anaambiwa ni nguo za watoto, daraja la kwanza; analipa, anambebesha mwenye mkokoteni, na ni hadi afike kibandani ndipo ajue kama amenunua nguo au matambara. Kwa hiyo mchuuzi mzoefu hakimbilii robota la bei ya chini. Anamtafuta muuzaji ambaye, nguo zikitoka mbovu, atapokea simu na kumwambia, "Njoo mama, tuone nitakupunguzia vipi kwa la pili."

Kwangu mimi, biashara nzima iko kwenye simu hiyo. Mteja huweza kuvumilia hasara. Kuzimiwa simu havumilii.

Soko hilo limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, mbali na mali iliyoteketea. Mama aliyeunguliwa na kibanda hana cha kumwonyesha meneja wa benki, ila kuna watu aliowalipa miaka yote bila kusukumwa. Hao ndio humpa mzigo kwa mali kauli, auze kwanza, alipe pole pole. Sijui bima gani ingemfikia haraka hivyo.

Na msidhani haya ni ya wadogo tu. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na matawi kila pembe ya jiji. Ilipoanza kushindwa kuwalipa waliokuwa wakiiletea bidhaa, nao wakaacha kuleta, rafu zikabaki tupu, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Kinachoniuma ni kwamba bado zipo ofisi jijini zinazochukua mzigo wa fundi wa bati wa Kamukunji kwa ahadi ya kulipa baada ya siku 30, kisha miezi mitatu baadaye mhasibu hapokei simu. Fundi huyo bati amelikopa, na vibarua wake hulipwa jioni kwa jioni. Mteja mwingine akija, hata awe mkweli namna gani, ataambiwa alipe zote kabla nyundo haijainuliwa, tena kwa bei iliyopanda kwa sababu ya mtu asiyemjua.

Wahasibu wa ofisi hizo, nawasihi: mpigieni fundi kabla hajawapigia. Kama pesa hazijatimia, mtumieni nusu leo na mmtajie siku ya nusu nyingine, akanunue bati.