Sura aliyoichora Morgan haikupata mtu wa kuitumia

Wiki nzima nimekuwa naangalia picha za sarafu moja ya Marekani na naona nisipoandika nitaendelea kulala nayo kichwani. Inaitwa Stella, ya dhahabu, dola 4. Kila unapoisoma habari yake unaambiwa bei tu, kwamba mwaka 2013 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.5, sawa, ni pesa nyingi mno. Ila mtu aliyekaa akaichonga ile sura wanampita haraka haraka, na mimi naona hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kwanza ujue Stella haikuwahi kuwa pesa ya kununulia kitu. Ilikuwa sarafu ya majaribio, yaani kiwanda kinapiga chache, wakubwa wanaziona, halafu waamue kama ziingie kwenye mzunguko au zisiingie. Hizi zilipigwa Philadelphia kwa tarehe za 1879 na 1880, sura mbili tofauti. Moja ya Charles Barber, mwanamke nywele kaziachia, na hiyo ya 1879 zilipigwa mia nne na kitu. Nyingine ya George T. Morgan, nywele zimesukwa, na hiyo hata wakusanyaji wakubwa wengi hawajawahi kuishika mkononi.

Sasa chukua simu yako, tafuta picha ya hiyo ya Morgan, ikuze mpaka mwisho. Anatazama kushoto, katulia, suka limepandishwa likaviringishwa kichwani, mbele kuna ukanda umeandikwa LIBERTY kwa herufi ndogo ndogo, na unauona mpaka mpangilio wa nywele kwenye suka lenyewe, halafu kumbuka kitu chote hicho upana wake ni milimita 22 tu! Ukiirudia ile ya Barber baada ya hapo unaona ni kazi safi ndiyo, ila imepoa. Ya Morgan ni mtu, unahisi ukimwita atageuka.

Huyu Morgan alikuwa Mwingereza, kazaliwa 1845. Mkurugenzi wa kiwanda, Henry Linderman, aliandika London kuomba mchongaji hodari, wakamtaja Morgan, akavuka bahari 1876. Miaka miwili tu baadaye dola yake ya fedha ikaanza kupigwa, ile ambayo mpaka leo watu wanaiita kwa jina lake. Ungedhani mtu kama huyo angepewa kiti, lakini mchongaji mkuu alikuwa William Barber, alipofariki 1879 kiti kikaenda kwa mwanawe Charles, naye akakikalia mpaka anakufa 1917. Morgan akapewa ukuu akiwa ameshavuka miaka 70, na 1925 na yeye akafariki. Karibu miaka 40 mtu yuko namba mbili, mimi hiyo inaniuma kweli.

Wazo la Stella lenyewe lilitoka kwa John Kasson, mwakilishi wa Marekani kule Vienna. Alitaka Wamarekani wawe na sarafu ambayo mfanyabiashara wa Ulaya ataielewa bila kuhangaika na mahesabu, ndiyo maana kuzunguka ile sura, katikati ya nyota, wameandika mpaka uzito: gramu 6 za dhahabu, 0.3 za fedha, 0.7 za shaba, jumla gramu 7. Wazo zuri, ila hesabu haikukubali. Faranga 20 za Ufaransa, ambazo ndizo Ulaya ilikuwa imezizoea, zilikuwa na dhahabu safi kama gramu 5.8, Stella ina 6, kwa hiyo bado ungehitaji chenji na bado mngebishana. Na dola 20 ya dhahabu ilikuwa inapokelewa nje bila shida yoyote. Kongresi ikaiacha.

Kinachonishangaza mimi mtu wa Unguja ni kwamba Kasson alikuwa amekaa mji uleule ambao riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, ilikuwa inatokea. Riale ile tarehe yake ni 1780 na waliendelea kuipiga na mwaka uleule miaka nenda rudi, ikafika Uhabeshi, Arabuni, mpaka kwetu, na Zanzibar watu walinunua na kuuza kwayo bila mkataba wa serikali yoyote wala kuandikwa gramu kuzunguka uso. Watu waliizoea tu wakaiamini. Sidhani kama pesa ya kuvuka mipaka inapatikana kwa njia nyingine, na ndiyo maana naona kosa halikuwa la Morgan hata kidogo, yeye kazi yake aliifanya.

Bibi yangu alikuwa na riale moja imechomelewa kitanzi, anaivaa kwenye mkufu siku za harusi. Nimesoma kwamba na Stella nyingi za Barber zimebaki na alama za kuchomelewa vilevile, zilivaliwa na wanawake wa Marekani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naipitisha kidole ile riale ya bibi, pua ya yule malkia imelainika, shavu limekuwa bapa, kwa mikono ya watu wangapi sijui. Ile ya Morgan kila unywele upo palepale alipouacha.