Usiipe Land Rover mwaka kwa kuitazama usoni

Nikikuta tangazo la Land Rover ya zamani inayouzwa ikiwa imefunguliwa vipande, macho yangu huenda kwanza kwenye mwaka. "Series IIA ya 1962, spea zote zipo." Kwenye picha boneti limeegeshwa ukutani, milango imelazwa juu ya matairi, nati na bolti zimejaa kwenye ndoo ya rangi. Huo mwaka umetoka wapi? Mara nyingi umetoka kwenye kadi ya gari, au mdomoni mwa aliyemuuzia muuzaji, au kwenye grili. Msimamo wangu ni kwamba gari lililofunguliwa halipewi mwaka mpaka chasisi isomwe. Na hata ikisomwa, mwaka huo ni wa chasisi tu, si wa kila kitu kilichomo kwenye lundo.

Naizungumzia Land Rover kwa sababu ndilo gari la zamani ambalo sisi Tanzania na Kenya bado tunalo kwa wingi. Walioiona Arusha ya Oktoba 2024, wakati wa tamasha la Land Rover, wanajua ninachosema. Tena ndilo gari linalochanganya watu kuliko mengine. Karibu kila kitu ndani yake kimefungwa kwa bolti, na vipande vingi vya gari la 1972 vinaingia kwenye gari la 1962 bila ubishi.

Sura yake ina historia fupi. Ilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa na inchi 80 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma; toleo hilo la kwanza ndilo Series I. Mwaka 1954 zikaja inchi 86, na ndefu ya 107. Baadaye vipimo vikawa 88 na 109, na hapo vikabaki mpaka Series III ilipokoma 1985. Series II ya 1958 ilileta ubavu uliovimba kidogo chini ya madirisha, wakati ubavu wa Series I ni bapa. Series IIA ikaanza 1961. Taa kubwa zilikaa katikati, huku na huku kwenye grili, mpaka zilipohamishiwa kwenye madigadi kati ya 1968 na 1969. Mwaka 1971 ikaja Series III yenye grili ya plastiki, na geji zilizokuwa katikati ya dashibodi zikasogezwa mbele ya dereva.

Mtu akishayajua haya hujiona amemaliza kazi. Anaona taa kwenye madigadi, anaona plastiki, anatamka "Series III" na bei inapangwa hapo hapo. Lakini madigadi ndiyo ya kwanza kugonga ng'ombe, mti au ukuta wa daraja. Gari la 1963 lililopata ajali mwaka 1980 lilivishwa kilichokuwapo dukani mwaka huo, na fundi aliyelivisha alikuwa sahihi kabisa, maana gari lilitakiwa barabarani wiki hiyo hiyo kubeba dawa au walimu. Bodi yenyewe ni ya aluminiamu, haili kutu kama chuma, kwa hiyo bodi nzuri huhamishwa kutoka chasisi iliyooza kwenda iliyo nzima. Kubadilishana huku kumeyafanya magari haya yaishi. Tatizo ni sisi wa leo tunaotaka kuusoma mwaka kwenye kipande kilichobadilishwa.

Kwa hiyo anza na futi kamba. Chasisi ikiwa bado na springi zake, pima kutoka bolti ya katikati ya springi ya mbele hadi ile ya nyuma. Sentimita 223 na nusu ni 88. Sentimita 277 ni 109. Ukipata 218 au 272 una chasisi ya miaka ya 1950, na hapo tulia, usiruhusu mtu kukata chochote.

Halafu tafuta namba. Kwenye Series II, IIA na III za usukani wa kulia imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale chasisi inaposhika springi. Kile kibati cha namba cha ndani ya kebini nakiheshimu, ila sikiamini peke yake, kwa sababu kinatolewa kwa bisibisi na kufungwa kwenye gari jingine. Namba ya kwenye chuma ina taabu yake: iko mahali panaporushiwa tope na mawe maisha yote ya gari, na mara nyingi imefunikwa na rangi tabaka kwa tabaka.

Mwaka jana niliitwa gereji moja ya Unga Limited, Arusha, kuangalia lundo la kijana aliyerithi gari kwa baba yake. Kadi ilisema 1974. Kijana wa kazi alikuwa ameshawasha grinda ili asafishe mbele ya chasisi, na fundi mzee akamzuia: "Mwanangu, zima hiyo. Ukipitisha hapo umeua gari la watu." Akaagiza mafuta ya taa na brashi ya waya ya mkono. Akalowesha, akasubiri, akasugua taratibu, akafuta kwa kitambaa, kisha akapaka chaki ubapa juu ya chuma. Chaki ikaingia kwenye mikwaruzo ya namba, ikaanza kuonekana 2, halafu 5, halafu 2. Mwishoni kulikuwa na herufi B.

Tarakimu hizo tatu za mwanzo ndizo zinazotaja aina. Kwa Series IIA, 252 ni 109 ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kiwandani Solihull, Uingereza, kwa ajili ya kusafirishwa nje. Ingekuwa 253, ni gari la aina hiyo hiyo lakini lililosafirishwa likiwa vipande kwenye makasha, likaunganishwe huko liendako. Ingekuwa 277, ni 109 ya dizeli. Series III huanza na 9, na kuanzia mwisho wa 1979 namba inakuwa ndefu ya herufi na tarakimu, ambayo baadaye ilitanguliwa na SALL. Herufi ya mwisho kwenye IIA, kuanzia A hadi H, inaonyesha gari limepitia mabadiliko gani ya kiufundi, na kwa fundi anayetaka kuagiza spea ina maana kuliko mwaka wenyewe. Herufi B iliweka chasisi ile miaka ya mwanzo ya 1960. Kadi ilikuwa imekosea kwa takriban miaka kumi, na hakuna aliyewahi kushangaa, kwa sababu mbele ya gari kulikuwa na grili ya plastiki.

Baada ya chasisi ndipo naingia kwenye vitu vidogo, na hapa ndipo moyo wangu unapochangamka. Vifaa vya umeme vya Lucas (stata, dainamo, mota ya waipa, hata ndani ya taa) mara nyingi vimegongwa tarehe ya kutengenezwa, na tarakimu mbili za mwisho ni mwaka. Vioo vya Triplex vina nukta ndogo kwenye herufi za nembo, na mahali nukta ilipokaa panataja robo ya mwaka na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Nukta haikuambii kama ni 1964 au 1974, ila ukishakuwa na chasisi, jibu linakuja lenyewe. Angalia pia spana inayoingia. Land Rover za mwanzo zilifungwa kwa nati za vipimo vya zamani vya Kiingereza, BSF, kisha zikahamia UNF, vipimo vingine vya inchi, kidogo kidogo. Ukikuta bolti ya milimita kwenye IIA, ujue kuna mkono uliopita baadaye. Ndiyo maana huwa naomba ile ndoo ya bolti isimwagwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Rangi nayo husema. Usikwangue kwa pupa. Fungua nyuma ya dashibodi na chini ya kiti, mahali ambapo mpiga rangi hana subira ya kufika, utakuta rangi ya kiwandani.

Injini ni shahidi dhaifu kuliko wote. Ile ya lita 2.25 ilidumu, ya petroli kuanzia Series II na ya dizeli kuanzia IIA, hadi Series III, na huku kwetu wengi walishaweka Isuzu au Nissan zamani. Giaboksi ina la kusema zaidi. Ya Series III ina sinkro (kinachofanya gia iingie laini) kwenye gia zote nne za mbele, za kabla yake namba moja na mbili huingia kwa ustadi wa dereva. Pale Unga Limited giaboksi ilikuwa ya Series III.

Mwenye chasisi yenye namba safi anaweza kwenda mbali zaidi. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon yanatunza daftari za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachotaja siku gari lilipotengenezwa, rangi yake ya kwanza na nchi lilikopelekwa. Kwangu mimi karatasi hiyo ina thamani kuliko seti mpya ya matairi.

Kinachonikera, na sioni haya kukisema, ni watu wanaolazimisha mwaka. Wapo wanaonunua kibati cha gari la zamani zaidi ili bei ipande. Wapo wanaogonga namba upya. Huyo hakulitengeneza gari, amelifuta. Mnunuzi anayefuata ataagiza bushi, breki na vioo kwa namba ya uongo, na siku ya ukaguzi polisi watamuuliza yeye. Kasoro nyingine ni ya wapenzi wa kweli, wanaotupa madigadi ya 1975 ili gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Siwakatazi, mali ni yao. Nawaomba tu wapige picha na kuandika kabla ya kutupa, maana yale madigadi yalifungwa na fundi wa hapa kwa sababu fulani, na sababu hiyo nayo ni sehemu ya gari.

Kijana wa Unga Limited aliniuliza sasa aandike mwaka gani kwenye tangazo. Tuliandika pamoja, fundi akitutajia: chasisi 109 ya petroli, Series IIA, herufi B, namba inasomeka, stata ya Lucas ya 1964, uso, dashibodi na giaboksi za Series III, injini haipo, kadi inasema 1974 na inahitaji kurekebishwa. Bei aliiweka mwenyewe, baada ya hapo.