Asilimia 40 imenikalia kooni

Haya jamani, kwa kuwa jirani yangu wa chipsi ameshairusha ile klipu ya punguzo la dukani kwangu kwenye magrupu yote ya Mbagala na kaongeza chumvi eti nililia, ngoja niseme mwenyewe. Sikulia. Lilikuwa jasho, fremu yangu haina feni.

Mnaijua ile janja ya madukani, unapandisha bei kimyakimya halafu unatangaza punguzo. Usinitolee macho wewe muuza vitenge, najua unanisoma. Sasa viatu vya shule nachukua Kariakoo 22,500, nauza 25,000. Ijumaa usiku nikapandisha asilimia 40, ikawa 35,000, nikaandika kwa maka pen nyekundu kwenye kila boksi, nje nikatundika bango PUNGUZO ASILIMIA 40. Kichwani mwangu nimepanda 40 nimeshuka 40 nimerudi palepale kwenye 25,000 yangu, na mteja anaondoka anajiona kaokota. Nikajipongeza na supu kabisa.

Jumamosi watu wakajaa. Mpwa wangu wa darasa la saba nikamkabidhi pesa na kikokotoo, mimi nikapanda juu ya kreti na spika, nabwabwaja.

Saa tano hivi nasikia suruali inavutwa. "Anko." Nikampa ishara ya mkono, subiri. Inavutwa tena. "Anko, mbona tunauza 21,000?" Nikainama, nikamshika bega, nikanong'ona, yaani kunong'ona kabisa: "Wewe mtoto usiniletee hesabu za shule hapa, nimepandisha 40 nimeshusha 40 tumerudi palepale, hawa hawajui."

Wadau. Maiki ilikuwa kidevuni.

Lile "hawajui" likaenda mpaka kituo cha daladala. Kuna mama alikuwa anamvalisha mwanae kiatu cha kushoto, akabaki kakishika hivyohivyo hewani, ananiangalia. Kimya. Nasikia mafuta ya jirani yanachemka. Ningezima spika pale pengine ningepona, ila kidole kilikuwa kinatafuta swichi upande ambao haipo, na mtoto naye kasogea kwenye maiki ileile, akanijibu kwa adabu zote za nyumbani.

"Hairudi Anko. Ungeongeza 10,000 halafu ukatoa 10,000 sawa, hapo unajumlisha na kutoa, inabaki sifuri, bei haiguswi. Ila asilimia ni kuzidisha. Umezidisha kwa 1.4, sasa ili bei irudi ilivyokuwa, ukizidisha zote mbili lazima upate moja, maana namba ukiizidisha kwa moja haibadiliki. Wewe ukitoa asilimia 40 inabaki 60, yaani 0.6, na 1.4 mara 0.6 umepata 0.84." Akachukua biro, akaandika 0.84 pembeni ya ile 35,000 yangu nyekundu, akapigia mstari chini. Mstari wa rula, sijui rula kaitoa wapi. "Ulitakiwa ugawanye kwa 1.4. Punguzo lingekuwa asilimia 28 na pointi."

Sasa niambieni ukweli, mtu gani anatundika bango la asilimia 28 na pointi?

Yule mama akashusha kiatu taratibu. "Kwa hiyo ulitaka kutuibia sisi, ukajiibia mwenyewe?" Nikafungua mdomo, kikatoka kitu kama kikohozi, nacho spika ikakikuza. Halafu sauti ya mzee mmoja nyuma: "Mama chukua na cha mdogo wake, fanya haraka kabla hajaelewa!"

Ndo wakavamia. Kuja kulishusha bango, jozi 31 zimeenda, kila jozi nimewaongezea 1,500 yangu ya mfukoni, 46,500 hiyo, dada yangu kacheka mpaka kakata simu, na nikipita stendi makonda wananisalimia "vipi Asilimia".

Dogo nilimuahidi 5,000 ya kazi. Jioni namwambia ngoja kwanza nipige hesabu, akanyoosha mkono, "Nipe tu hivyohivyo Anko, usiipigie."